Tui la Mkebe

Mkebe umefika Wete kabla ya nazi ya Mtambwe,
na Mtambwe naiona nikisimama juu ya kreti la soda:
ng'ambo ya maji hapo tu, minazi imejipanga
kama watu walioitwa kupigwa picha, mpiga picha asije.

Mkebe watoka wapi? Nausoma kwa kidole.
Herufi za mviringo, uzi uliomponyoka mshonaji.
Umevuka bahari, umepigwa mihuri,
meli ya Unguja, meli ya Pemba,
bega la Hamadi mpagazi,
mpaka rafu yangu, kati ya sabuni na vibiriti,
na bado ni rahisi kuliko nazi mbili na kazi yake.

"We Rubea, kisiwa kizima minazi,
watuuzia tui la mkebe?"
Wananiuliza kama kwamba mimi ndiye serikali.
Nawarudishia chenji.
Chenji si jawabu, lakini hufunga mdomo.

Leo mvua inapiga bati, hapiti mtu. Nitajibu.

Kamuulizeni Shaame, aliyekuwa mkwezi.
Goti lake lilibaki juu ya mnazi wa Bi Mize,
yeye akateremka bila yake.
Wanawe wako Unguja, wanabeba watu kwa bodaboda.
Neno letu ni moja, kupanda,
kwa mche unaoingia ardhini
na kwa mtu anayekwenda juu.
Tumeacha yote mawili kwa mpigo mmoja.

Na minazi yenyewe imezeeka.
Waliyoipanda makaburi yao yameshasawazika.
Inatoa kama bahili atoavyo sadaka:
moja, tena kwa kishindo.

Alikuja mtu wa hoteli, kalamu sikioni.
Alitaka lita mia nne kila Jumatatu,
weupe ule ule, uzito ule ule, na risiti.
Nikamvusha Mtambwe.
Nazi za Bi Mize zilikuwa thelathini na moja,
mbili zina joya.
Akanywa dafu, akashukuru sana.
Sikumwona tena.

Lakini hayo ni ya nje. La ndani ni hili:
mama yangu alimkalia mbuzi miaka arubaini,
mbuzi asiyekula majani, asiyelia.
Usiku wa harusi, nazi sitini,
kifumbu, maji ya vuguvugu, kidole kilichochunika
kinaingia kwenye tui na hakuna anayekiona.
Asubuhi wali mweupe, wageni wakasifu nazi.
Tui lile lilikuwa rahisi
kwa sababu kiuno chake hakikuandikwa kwenye hesabu.

Sasa mke wangu, Mgeni, hufungua mkebe,
humimina, kisha hukaa kibarazani
akasikiliza mwanawe anavyosoma.
Nitamwambia nini?

Ila nazi haikuwa tui peke yake.
Chicha ilikuwa ya kuku, vifuu vya moto,
makumbi yakawa kamba, na ile fedha
ya mkwezi ilipita kwangu kununua sukari,
ikapita kwa fundi, ikarudi tena kwa mkwezi, imechakaa, inanuka jasho.
Fedha ya mkebe hupanda meli ile ile iliyouleta
wala haiagi.

Bi Mize alikuja juzi ya mfungo uliopita,
pakacha kichwani, nazi tano.
"Sitaki fedha. Nipe mkebe mmoja.
Nina majimbi jikoni na mikono haikuni tena."
Nikapokea nazi, nikampa mkebe,
akausoma na yeye kwa kidole,
akauliza kama waliouziba ni watu wazuri.

Nazi zake nne tumekwisha kuzila.
Ya tano niliisahau chini ya meza
na imetoa mche, kijani, urefu wa kidole.
Nimeisogeza mlangoni, karibu na mzani.
Kila anayeingia huuruka asiukanyage.
Hajatokea wa kuuliza bei.